Kompyuta ya Mezani kwa Fedha Chache: Kazi za Ofisi na Gemu Nyepesi

Suala la kujiundia kompyuta ya mezani kwa fedha chache, itakayoandika barua na kupiga hesabu za duka mchana, na jioni iwape watu wa nyumbani mchezo wa mpira au wa magari, aghalabu hujibiwa kwa kutaja jina la prosesa, kana kwamba prosesa peke yake ndiyo kompyuta, na humo ndimo hasara nyingi zinamoanzia. Maadamu fedha ni chache, lililo la kwanza ni kukijua kiungo ambacho udhaifu wake utavizuia viungo vingine vyote visifanye kazi kwa uwezo wao, kisha kukitanguliza hicho katika matumizi kabla ya kufikiri juu ya kingine; na anayelifuata shauri hili atatanabahi upesi kwamba vinavyostahili kutangulizwa ni vile ambavyo matangazo ya biashara huvipita kimya: diski, mpangilio wa RAM, na pawa saplai. Hayo ndiyo ninayokusudia kuyaeleza, nikiangalia hali ya mnunuzi wa Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa au Nairobi, ambaye mbele yake ana njia mbili: kununua vipande vipya na kuviunganisha, au kununua mashine ya ofisi iliyokwisha kutumika ng'ambo na kuiongezea inachokosa.

Tuanze na kazi za ofisi, kwa kuwa ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Kuandika hati, kujaza majedwali ya hesabu, kutuma barua pepe, kuhudhuria mikutano kwa njia ya video na kufungua kurasa za intaneti, hakuna katika hayo linaloishinda prosesa yenye viini vinne iliyotengenezwa katika miaka kumi hii. Na anayelalamika kwamba kompyuta yake ni nzito katika kazi hizo, mara nyingi mno taabu yake inatoka katika diski ya kuzunguka. Sababu yenyewe ni ya kimaumbile. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, kwa hivyo kichwa kinachosoma hungoja kwa wastani kama milisekunde nne hata sehemu inayotakiwa ipite chini yake, fauka ya muda wa kichwa chenyewe kusogea kutoka mahali hadi mahali. Na ukijumlisha yote hayo utaona kwamba diski ya namna hiyo haiwezi kujibu maombi yaliyotawanyika zaidi ya mia moja hivi katika sekunde moja. SSD, ambayo ndani yake hamna kitu kinachozunguka wala kinachosogea, hujibu makumi ya maelfu. Na mfumo wa Windows, tangu inapowashwa kompyuta hata inapozimwa, huomba maelfu ya faili ndogo ndogo zilizotawanyika huku na huku, na ndiyo maana mashine ya miaka minane iliyopita, ikitolewa diski ya kuzunguka na kutiwa SSD, hufufuka namna ambayo prosesa mpya isingeweza kuifufua. SSD ya kawaida ya SATA, ambayo upeo wa kasi yake ni megabaiti 550 hivi kwa sekunde, yatosha kwa kazi hizi. Ile ya NVMe ni ya kasi zaidi mara kadhaa kwa hesabu ya karatasi, lakini mwandishi wa barua hatauona utofauti huo, na kama bei zimepishana sana hana sababu ya kuulipia.

RAM ya gigabaiti 8 huitosha ofisi kwa tabu kidogo, maana kivinjari cha siku hizi kikifunguliwa kurasa ishirini huila kumbukumbu bila huruma. Gigabaiti 16 ndicho kiasi cha mtu anayetaka kompyuta yake imtumikie miaka mitano pasina manung'uniko.

Gemu ni habari nyingine, na hapa sharti tuelewane juu ya neno "nyepesi". Mizigo ya gemu hupimwa kwa idadi ya nukta zinazochorwa na mara ngapi zinachorwa: kioo cha 1920 kwa 1080 kina nukta 2,073,600, na kikitakiwa kionyeshe picha 60 kwa sekunde, basi kila picha haina budi kuwa tayari katika muda usiofika milisekunde 17. Ukiishusha gemu hadi 1280 kwa 720, nukta zinakuwa 921,600, yaani pungufu ya nusu, na mzigo wa grafiki unapungua kwa kadiri hiyo. Mimi naziita nyepesi gemu ambazo waundaji wake walizitengeneza makusudi zienee kwa watu wengi, au ambazo umri umezipunguzia uzito: eFootball, Valorant, Dota 2, Minecraft, Euro Truck Simulator 2 ya mwaka 2012, na Grand Theft Auto V iliyowafikia watu wa kompyuta Aprili 2015 na ambayo mpaka leo vijana wetu hawajaichoka. Waundaji wa Valorant, mchezo uliotoka Juni 2020, waliuwekea kima cha chini kuwa grafiki ya Intel HD 4000, ambayo ni ya mwaka 2012; hiyo ni insafu kubwa kwa wenye kipato kidogo. Counter-Strike 2, iliyoshika nafasi ya ile ya zamani Septemba 2023, tayari inaanza kuutoka wepesi huo, na peke yake inataka gigabaiti 85 za diski, jambo linalomwonya mnunuzi kwamba SSD ya gigabaiti 128, ijapokuwa rahisi, itamjaa kabla hajamaliza kuweka gemu mbili. Gigabaiti 500 ndiyo iwe azma yake, na akishindwa, 256 kwa muda.

Ikiwa hayo ndiyo mahitaji, njia ya kwanza ni ile ya vipande vipya, na tangu mwaka 2018 njia hii imekuwa na mlango mpana ambao zamani haukuwapo. Februari mwaka huo kampuni ya AMD ilitoa Ryzen 3 2200G kwa dola 99, prosesa yenye viini vinne iliyobeba ndani yake grafiki ya Vega iliyotosha kuchezea gemu nyepesi bila ya kadi yoyote ya grafiki ya ziada; na kabla ya hapo grafiki ya ndani ya prosesa aghalabu ilikuwa ni kitu cha kuonyeshea maandishi, illa kwa wachache wenye subira. Mrithi wake aliyejipatia sifa kubwa kuliko wote, Ryzen 5 5600G ya Agosti 2021, ana viini sita na huziendesha zile gemu nilizozitaja kwa 1920 kwa 1080 ukipunguza urembo wa picha, na karibu zote kwa utulivu ukishuka hadi 1280 kwa 720. Mtu akiitia prosesa hiyo katika mazabodi yenye tundu la AM4, ya bei ya kawaida, pamoja na RAM, SSD na pawa saplai ya kuaminika, ana kompyuta nzima isiyohitaji kadi, inayotumia umeme kidogo, na yenye nafasi ya kuongezewa kadi siku Mungu akimjalia.

Lakini njia hiyo ina mtego mmoja ambao nimeona umewanasa wengi, nao ni wa RAM. Grafiki iliyomo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake yenyewe. Huazima katika RAM ileile inayotumiwa na prosesa, na kasi yake yote inategemea upana wa njia inayoifikia RAM hiyo. Kipande kimoja cha DDR4 cha kasi ya 3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Vipande viwili vilivyotiwa katika matundu yanayopasa hufungua njia ya pili, na jumla huwa gigabaiti 51.2. Ni sawa na shehena moja kubebwa na hamali mmoja au na hamali wawili: mizigo ni ileile, gati ni lilelile, lakini jahazi moja huondoka adhuhuri na jingine alasiri. Muuzaji asiyejua, au anayejua na asijali, humpa mteja kipande kimoja cha gigabaiti 16 badala ya viwili vya gigabaiti 8, kwa dhana kwamba jumla ni moja. Na kweli katika kazi za ofisi hapatakuwa na tofauti ya kuonekana, lakini katika gemu mteja huyo atapoteza sehemu kubwa ya uwezo alioulipia, naye atarudi nyumbani akiilaumu prosesa. Neno hili nalikariri kwa mkazo kwa sababu halimgharimu mtu chochote zaidi ya kuuliza: vipande viwili vinavyolingana, katika matundu ya njia mbili tofauti, ambayo katika mazabodi ya matundu manne kwa kawaida ni la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, na kasi yake iwashwe katika mipangilio ya mazabodi, kwani mara nyingi RAM ya 3200 huanza kazi kwa kasi ya chini mpaka iamrishwe.

Baada ya AM4 AMD ilileta tundu jipya la AM5 mwaka 2022, ambalo halikubali DDR4 bali DDR5 tu, na Januari 2024 ikatoa Ryzen 5 8600G kwa dola 229, ambayo grafiki yake ya ndani imeizidi ya 5600G kwa hatua kubwa. Kwa hesabu ya ufundi, hiyo ndiyo prosesa ya kutamaniwa. Ila hesabu ya mfuko imebadilika: tangu miezi ya mwisho ya 2025 bei za RAM zimepanda ulimwenguni kote kwa namna ya kutisha, kwa kuwa viwanda vinavyoitengeneza vimeelekeza uwezo wao kwenye mashine za akili bandia zinazonunuliwa na makampuni makubwa, hata Desemba 2025 kampuni ya Micron ikatangaza kwamba itaacha kuwauzia watu binafsi bidhaa za jina lake la Crucial, jina ambalo mafundi wetu walilizoea na kuliamini. Kwa mnunuzi wa kipato cha chini, hali hiyo imeugeuza mzani wote: RAM, iliyokuwa ikihesabiwa kama nyongeza ndogo, sasa yaweza kula sehemu kubwa ya bajeti, na mashine kuukuu inayouzwa pamoja na RAM yake ndani imepata thamani ambayo haikuwa nayo.

Hapo ndipo tunapoifikia njia ya pili, ambayo kwa wengi wa wasomaji wangu naiona ndiyo njia yenyewe. Makampuni na idara za Ulaya na Marekani hununua au kukodi kompyuta za mezani kwa maelfu, Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre, na baada ya miaka mitatu hadi mitano huziondosha zote kwa pamoja, ziwe nzima au zisiwe. Nyingi ni nzima. Sehemu yake hutufikia moja kwa moja katika makontena, na sehemu hupitia Dubai, ambako wafanyabiashara wetu wamezoea kuzichagua katika maduka ya Bur Dubai kandokando ya barabara ya Khalid bin Al Waleed, kabla hazijapangwa katika maduka ya Kariakoo au ya Luthuli Avenue. Mashine hizi zilitengenezwa kwa ajili ya kazi ya kila siku isiyokatika. Mazabodi zake ni imara, makasha yake hufunguliwa bila bisibisi, na vipuri vyake, kwa kuwa ziko kwa mamilioni, hupatikana. Haziwi na taa za rangi wala kioo ubavuni, na nafsi yangu inaridhika zaidi na fedha iliyokwenda katika chuma kizito cha mashine hizo kuliko iliyokwenda katika taa.

Walakini si kila mashine ya mtumba ni ya kununuliwa, na mwaka 2025 umechora mstari ambao mnunuzi hana ruhusa ya kuusahau. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuitunza Windows 10 kwa kawaida, na Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haizikubali rasmi prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane wala kompyuta isiyo na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama. Kwa hivyo mashine yenye Core i5-7500, ambayo kwa nguvu zake ingeweza kumtumikia mwandishi miaka mingine mingi, imewekwa upande mbaya wa mstari, na ofisi za ng'ambo zinazitoa mashine hizo kwa wingi. Ndiyo maana bei zake sokoni zinavutia. Mwenye nia ya kutumia Linux azichukue kwa furaha. Mwenye kutegemea Windows, na hasa mwenye kucheza Valorant, ambayo katika Windows 11 huidai TPM hiyo na uanzishaji salama (Secure Boot), aangalie tarakimu zinazofuata kistari katika jina la prosesa: i5-8500 ni ya kizazi cha nane, i5-9500 ya tisa, i5-10500 ya kumi. Na bahati njema ni kwamba kizazi hicho cha nane ndicho Intel ilichoongezea Core i5 viini kutoka vinne hadi sita, kwa hivyo mstari wa Microsoft umeangukia mahali ambapo kuuvuka kuna faida hata kwa sababu nyingine.

Jambo la pili ni umbo, na hapa mnunuzi wa gemu hutofautiana kabisa na mnunuzi wa ofisi. Mashine ya jina moja, tuseme OptiPlex 7060, iliuzwa katika maumbo matatu: mnara kamili, kasha jembamba, na lile dogo mno linaloweza kufungwa nyuma ya kioo. Lile dogo halina nafasi ya kadi ya grafiki kabisa. Lile jembamba hukubali kadi fupi za nusu urefu tu, ambazo ni chache na ghali. Mnara ndio unaokubali kadi ya kawaida. Katika duka, mashine hizo tatu zaweza kuwa na prosesa ileile na RAM ileile, na ile nyembamba ikauzwa kwa bei nafuu zaidi kwa sababu haichukui nafasi mezani. Mwenye kutaka gemu akiichukua kwa ajili ya bei hiyo, amejifungia mlango ambao hataufungua tena ila kwa kununua mashine nyingine.

Pawa saplai za mashine hizi ni nzuri, lakini ni za aina yake. Aghalabu zina wati 200 hadi 300, hazina waya za kulishia kadi ya grafiki, na viunganishi vyake haviafiki kipimo cha ATX chenye pini 24 ambacho kompyuta za kuundwa hukitumia. Haiwezekani basi kuingia dukani, kununua pawa saplai yenye nguvu zaidi na kuichomeka bila kutafuta waya wa kubadilishia. Iliyobaki ni kuchagua kadi inayoridhika na umeme wa tundu lake peke yake, ambao kwa mujibu wa kipimo cha PCI Express haupiti wati 75. Mpaka huo unaonekana mwembamba, na kumbe ndani yake mna kadi za kutosha. Iliyo bora kwa kusudi letu, kwa maoni yangu, ni GTX 1650 ya Aprili 2019, yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu yake yenyewe inayopitisha gigabaiti 128 kwa sekunde, mara mbili na nusu ya zile njia mbili za DDR4. Nayo huziendesha gemu zote nilizozitaja kwa 1920 kwa 1080 bila wasiwasi. Mnunuzi ahakikishe tu kwamba ile anayoishika haina tundu la pini sita ubavuni, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji waliliongeza. Ndugu yake mkubwa kwa umri, GTX 1050 Ti ya 2016, ina gigabaiti 4 na wati 75 vilevile, na bado ni kadi ya heshima ikipatikana kwa bei ya haki.

RX 6400 ya mwaka 2022 hutumia wati 53 tu na huuzwa kwa nusu urefu, sifa zinazoifanya ipendwe na wenye makasha membamba; ila imeunganishwa kwa njia nne tu za PCI Express, ambazo katika mashine mpya za kizazi cha nne cha PCI Express hutosha, lakini katika mashine za kizazi cha tatu, ambazo ndizo hizi tunazozizungumza, upana wake hugawanyika nusu, na gemu zinazojaza gigabaiti zake nne huanza kukwamakwama. Na GT 1030 imetolewa kwa namna mbili chini ya jina moja, ya GDDR5 inayopitisha gigabaiti 48 kwa sekunde na ya DDR4 isiyofika 17. Hii ya pili naiona ni dhuluma kwa mnunuzi, kwani sanduku linafanana, jina linafanana, na upana wa njia ya kumbukumbu ni theluthi.

Kadi zilizotumika nazo zina historia yake. Mpaka tarehe 15 Septemba 2022, mtandao wa Ethereum ulipoacha kutegemea kadi za grafiki, watu walikuwa wakiziendesha mchana na usiku kwa ajili ya kuchuma sarafu, kisha wakazimwaga sokoni. Kadi za gigabaiti 4 hazikuwa zinafaa kwa kazi hiyo katika miaka yake ya mwisho, kwa hivyo GTX 1650 imenusurika zaidi kuliko kadi zilizo kubwa kuliko hiyo. Hata hivyo feni isikizwe, na kadi iendeshwe gemu kwa nusu saa mbele ya muuzaji kabla fedha haijabadilisha mikono.

Sasa nije kwenye umeme, kwani mintarafu ya nchi zetu jambo hili ni zito kuliko linavyoandikwa katika vitabu vya ng'ambo. Umeme wetu ni wa volti 230 Tanzania na 240 Kenya kwa maandishi; katika waya hushuka na kupanda, hukatika na kurudi kwa kishindo, na kiungo kinachoupokea mshtuko huo wa kwanza ni pawa saplai. Anayeunda kompyuta mpya na akanunua pawa saplai isiyo na jina, nyepesi mkononi, iliyoandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, amekiweka kitu kidhaifu kuliko vyote mlangoni mwa vitu vyote vya thamani alivyonavyo, maana ikiungua huweza kuiunguza mazabodi na diski pamoja nayo, na diski ndimo zilimo hesabu za duka na picha za aila. Alama ya 80 Plus, iliyoanzishwa mwaka 2004, huthibitisha kwamba kifaa hakipotezi zaidi ya sehemu ya tano ya umeme kikiwa kimebeba asilimia 20, 50 na 100 ya uwezo wake. Haithibitishi kila kitu, lakini kifaa kilichopimwa na wengine ni bora kuliko kile kilichojisifu chenyewe. Wati 450 za kweli zatosha na kubaki kwa kompyuta ya namna hii, kwa kuwa prosesa ya wati 65 na kadi ya wati 75, hata ukijumlisha na vyote vilivyomo ndani, havifiki nusu ya kiasi hicho ila kwa mruko wa ghafula.

UPS ndogo ya VA 650, yaani kifaa cha betri kinachoshika nafasi ya umeme ukikatika, humpa mtumiaji dakika za kuhifadhi kazi yake na kuzima kwa taratibu, na muhimu zaidi ni kwamba nyingi zake husawazisha volti zinaposhuka. Mimi naihesabu ndani ya bei ya kompyuta. Bajeti isiyoweza kuibeba UPS ipunguze kadi ya grafiki kabla ya kuiacha. Na wakazi wa mwambao wana adui mwingine, nao ni hewa ya chumvi na unyevu, ambayo huzila pini za RAM na nyaya taratibu. Kasha lisikae sakafuni, lipulizwe vumbi kila baada ya miezi kadhaa, na mashine ya mtumba ibadilishwe gundi ya joto iliyo baina ya prosesa na kipoozeo chake, kwani baada ya miaka sita huwa imekauka, na fundi huifanya kazi hiyo kwa muda mfupi na kwa ujira mdogo.

Ukaguzi wa mtumba una mambo mengine ya kuuliza kabla ya kulipa. Mipangilio ya mazabodi isiwe imefungwa kwa neno la siri la ofisi iliyoitoa, maana bila neno hilo hutaweza kuwasha uanzishaji salama wala kubadilisha mpango wa kuanzia, na katika baadhi ya miundo kulifuta ni kazi ngumu. Saa ya mashine ikipotea kila izimwapo, betri ndogo ya CR2032 imekwisha, na hilo lisimkimbize mtu. Diski iliyokuja nayo isomwe afya yake kwa programu ya SMART, na ikiwa ni ya kuzunguka ifanywe ghala la picha na nyimbo, SSD mpya ishike mfumo. Tena mashine hizi nyingi hazina Wi-Fi, na matundu yake ya kioo ni DisplayPort, kwa hivyo kifaa kidogo cha USB na waya wa kubadilishia viingie katika hesabu. Na kadi ikishatiwa, kioo kichomekwe katika kadi, si katika mazabodi, kosa ambalo limewafanya watu wazirejeshe dukani kadi zilizo nzima.

Upande wa programu, mashine za ofisi zina fadhila moja isiyotajwa: leseni ya Windows imehifadhiwa ndani ya mazabodi yenyewe, na ukiiweka upya Windows ya daraja lilelile hujitambua bila ya ufunguo wa kununua. Kwa kompyuta mpya leseni ni gharama ya halali inayosahauliwa, na wanaoikwepa kwa programu za kuvunja kufuli wameingiza kwa mikono yao virusi vinavyoiba maneno ya siri ya benki. LibreOffice huandika na kuhesabu bila malipo, nayo ni mrithi wa OpenOffice, ileile ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliitafsiri kwa Kiswahili na kuitoa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Na Linux, kwa msaada wa Proton ambayo Valve iliitoa Agosti 2018, sasa huziendesha gemu nyingi za Windows, ila Valorant na Fortnite hazimo.

Hukumu yangu, nikiyaweka yote haya pamoja, ni hii. Mwenye fedha za kompyuta moja tu, anayehitaji kuanza kazi mwezi huu, anunue mnara wa ofisi wenye Core i5 ya kizazi cha nane au baadaye, ahakikishe una RAM vipande viwili, atie SSD ya gigabaiti 500, anunue UPS, na aanze kuandika. Grafiki ya ndani ya Intel itamchezea gemu kuukuu mpaka atakapopata fedha za GTX 1650, ambayo ataitia mwenyewe kwa dakika kumi. Njia ya vipande vipya naiacha kwa wawili: anayejua kwamba baada ya mwaka au miwili atataka kadi kubwa ya wati 150 au zaidi, ambayo mnara wa ofisi hautaweza kuilisha, na anayekaa mahali ambapo dhamana ya duka ina maana kwa sababu fundi yuko mbali. Huyo wa kwanza aanze na pawa saplai ya wati 550 na mazabodi yenye matundu manne ya RAM, hata ikimlazimu kwa sasa aridhike na 5600G bila kadi. Na wa pili adai risiti yenye namba ya kila kipande, kwa kuwa dhamana bila ya namba hizo haimfikishi popote anaporudi dukani.